Marieta Hhando, Mpishi Aliyesoma Sahani

Ndugu waombolezaji, marehemu Marieta alizaliwa Tlawi, wilaya ya Mbulu, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa dada yangu Yusta. Nasoma mimi, mjomba wake, kwa sababu katika ukoo huu hakuna mwenye sauti kama yangu.

Alisoma hapa hapa Tlawi hadi darasa la nne. Msicheke. Mimi niliishia la tatu na mnaona ninavyotiririka.

Mwaka 1972 alifunga ndoa na Philemon Sulle wa Dirma, Hanang. Mahari niliisimamia mimi, ndiyo maana ndoa imedumu.

Mwaka 1984 aliajiriwa kuwa mpishi katika chuo cha ualimu, Mbulu mjini. Wakufunzi walisoma mitihani. Yeye alisoma sahani. Mwaka 1991 Gidion, kijana wa Yaeda Chini, kule bondeni, alirudisha chakula siku tatu bila kukigusa. Marieta akawagawia wengine. Siku ya nne Gidion hakuwepo, na chuoni hakuonekana tena. Jambo hilo lilimuuma miaka yote.

Kwa hiyo mwaka 1998, sahani ya Zita, binti wa wafugaji wa huko huko Yaeda Chini, iliporudi imejaa mara ya pili, hakungoja ya tatu. Maharage binti hakuyazoea, na wenzake waliovaa mitumba ya mnadani walikicheka Kiswahili chake. Marieta alimkuta stendi na sanduku la bati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Chuo hiki si cha watu wa bondeni."

"Haya. Lakini kwangu mtu haondoki na njaa. Kula kwanza, utaondoka kesho."

Akampa ugali na maziwa mgando ya ng'ombe wake mwenyewe. Kesho yake Zita akaja kuaga, akajibiwa vilevile. Aliambiwa "utaondoka kesho" miaka miwili, mpaka akaondoka na cheti. Mkoa wetu wa Manyara ulipozaliwa mwaka 2002, Zita alikuwa tayari mwalimu kwao, anatuletea wengine. Tangu yeye hadi Marieta anastaafu mwaka 2006, hakuna mwanachuo wa bondeni aliyekatisha masomo. Mkuu wa chuo yupo hapa. Kama nadanganya, asimame.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Tarehe 2 Juni 2009, hospitalini, alikataa uji, akageukia ukutani. Zita akashika kijiko.

"Mama, kula kwanza. Utaondoka kesho."

Marieta alicheka, akaumaliza uji wote. Aliaga dunia kesho yake, saa moja asubuhi.

Ameacha mume, watoto watatu, Basili, Ludovika na Hermani, wajukuu saba, na mjomba mmoja mwenye sura nzuri.

Wanachuo mliotaka kubaki matanga, marehemu mwenyewe alikataza. Mtihani ni Jumatatu, gari lenu linaondoka saa tisa. Mle kwanza. Sahani nitazikagua mimi.

Marieta, mwanangu, Mungu akupumzishe. Umeondoka umeshiba.