Mikono ya Mlimani

Wasikilizaji wapendwa, Jumanne ile ya mvua shule ya Vila Caneleira ilifungwa. Isingefungwa, Dona Iracilda Fagundes angekuwa jikoni pale shuleni, akipika maharage meusi ya watoto mia mbili, kama alivyofanya kwa miaka kumi na tisa. Lakini ilifungwa, naye akabaki nyumbani kwake mlimani. Saa tatu asubuhi udongo ulishuka. Nyumba sita zilikwenda nao. Ya kwake ilikuwa ya tatu.

Chini bondeni, mzee wa huko, Seu Jurandir, alisikia mngurumo, akadhani ni lori linamwaga kokoto. Akatoka mlangoni na kikombe chake cha kahawa. Alitafuta kwa macho paa la bluu la Dona Iracilda. Halikuwepo. Akahesabu mapaa upya kutoka kwenye mnara wa maji, labda amekosea. Hakuwa amekosea.

Wengi mlimjua Dona Iracilda kwa keki yake ya mahindi. Alikuwa mjumbe wa mlima kwenye mkutano wa bajeti, ule ambao kila mwaka baraza la jiji hutujia katika ukumbi wa shule, nasi tunainua mikono kuamua kazi ipi itangulie. Inatangulia moja tu. Kwa miaka mitano aliomba kitu kimoja: ukuta wa zege wa kuzuia udongo, nyuma ya nyumba kumi na nne. Na kwa kuwa watu walizoea kuondoka kabla ya kura, alikuja na keki, akaigawa mwishoni.

"Jurandir," alimwambia kila mwaka, "kipande cha pili kina bei yake. Ni mkono wako."

"Mkono wangu una watu wake, dada. Nipe cha tatu nifikirie."

Mwaka juzi Seu Jurandir hakutania. Bondeni majitaka yalikuwa yanaingia hadi vyumbani, na mjukuu wake, Tainá, alikuwa amelazwa kwa wiki ya pili. Watu wa barabara kuu walikuwa wengi, nao walitaka lami. Mlima peke yake haukuwaweza. Bonde peke yake halikuwaweza. Basi akamfuata Dona Iracilda nyuma ya jiko la shule, siku moja kabla ya mkutano.

"Dada, mwaka huu tupeni mikono yenu tupate mtaro. Mwakani yetu yote ni ya ukuta."

"Na mvua je? Umeshaongea nayo?"

Seu Jurandir alicheka. Dona Iracilda hakucheka. Aliendelea kusugua sufuria.

"Mtoto anaendeleaje?" akauliza.

"Bado anatapika."

"Haya. Lakini mwakani ukichelewa, nitakuja kukutoa kitandani na huu mwiko."

Siku ya pili mlima uliinua mikono kwa ajili ya mtaro. Wapo waliomnunia Dona Iracilda miezi kadhaa. Mtaro ukajengwa. Tainá hajaugua tena.

Na Seu Jurandir hakuchelewa. Mwaka uliofuata alifika ukumbini wa kwanza kabisa, na watu mia moja na kumi na wawili nyuma yake. Ukuta ukashika nafasi ya kwanza. Wapimaji wa baraza wakaja, wakachomeka vigingi vyenye rangi nyekundu nyuma ya nyumba kumi na nne. Kazi ingeanza mvua zikiisha.

Mvua hazikusubiri.

Siku ya msiba Seu Jurandir alisimama nje ya geti la nyumba ya msiba, kofia mkononi, asiingie. Valdirene, binti wa marehemu, ndiye aliyetoka kumfuata.

"Ingia, mjomba. Mama alijua anachokifanya."

Akamshika mkono. Walipofika mlangoni akasimama.

"Ila usiniambie mtaro umesaidia. Siku nyingine utaniambia. Leo usiniambie."

Seu Jurandir akaingia. Aliketi kwenye benchi la nyuma mpaka mazishi.

Tunampa pole Valdirene na nduguze. Tunazipa pole familia zote sita. Na wewe unayetusikiliza, kabla hujauliza mkono gani uliinuliwa vibaya, jiulize kwanza kwa nini mtoto wa bondeni na nyumba za mlimani viliwekwa kushindana katika ukumbi mmoja.

Mkutano wa mwaka huu ni Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, ukumbi ule ule. Valdirene ameandikishwa kuwa mjumbe wa mlima. Baraza limepanga upya orodha ya kazi, kwa kuwa alama hutolewa kwa idadi ya nyumba, na mbele ya vigingi vile zimebaki nane. Zote nane zina watu. Ukuta sasa ni wa tisa.