Sufuria la Matanga

Mwaka ule wa sabini na mbili basi la Gonja kwenda Same lilikuwa moja tu, kwa hiyo hukuwa na gari jingine la kumkwepea mtu uliyemkosea.

Bwana mmoja wa kofia alikuwa akisimulia mechi ya vijana ya Jumamosi, wetu na wale wa kambi ya mkonge. "Winga wao mweusi kama sufuria la matanga. Kila akigusa mpira tunamwimbia, sufuria rudi jikoni. Mpaka akakosa penalti."

"Anaitwa Lugano," akasema mama aliyeketi naye. "Ni mwanangu. Siku ile hakula."

Bwana akavua kofia. "Mama, ule ulikuwa utani tu."

"Sisi Wanyakyusa. Utani wetu na ninyi Wapare umeanza lini?"

Akafikiri. "Jumamosi."

Basi zima likacheka, na mama pia. "Vizuri. Mtani huja msibani, akachota maji, akasugua masufuria. Babu yake Lugano tumemzika juzi, na kesho kutwa tunaanua matanga. Masufuria ni tisa, yote meusi."

"Kesho kutwa nina kikao cha kijiji."

"Basi hukutania, ndugu. Ulimtukana mtoto."

Wakabishana hivyo mpaka Same. Mimi nilitazama mkonge dirishani kwa bidii, kana kwamba sijawahi kuuona.

Dereva akazima injini. Mama akanyanyua kapu lake. "Njoo na mchanga wa kusugulia," akamwambia bwana. "Na huyu wa dirishani uje naye. Nilikuwepo uwanjani, ndiye aliyeanzisha wimbo."