Mzee Dena wa Masha na Kibati Kilichokosa Pa Kupigiliwa

Wasifu wa marehemu, unasomwa na mdogo wake, Kahindi wa Masha, nyumbani Kibarani, Kilifi, Jumamosi tarehe 19 Novemba 1988.

Mzee Dena wa Masha wa Randu alizaliwa Jilore mwezi wa Machi mwaka 1927, mtoto wa tatu wa Mzee Masha wa Randu na Mama Kahonzi. Siku yenyewe haikuandikwa. Alipokwenda kuchukua kipande, kile kitambulisho cha enzi ya ukoloni, karani alimtaka aitaje, naye akamjibu, "Andika uipendayo, mimi nilikuwa mdogo." Karani akaandika, Dena akakubali. Pengine ndilo jambo la mwisho lililoandikwa na ofisi yoyote ambalo marehemu alilikubali bila kuuliza maswali.

Alibatizwa mwaka 1938, na akasoma shule ya misheni huko huko Jilore hadi darasa la nne. Hesabu hazikumsumbua. Kabla hajajua kuandika tarakimu alikwisha kufundishwa bao na babu yake mzaa mama, na mtu aliyezoea kuzungusha kete sitini na nne kichwani hatishwi na ubao wa mwalimu. Mwaka 1940 baba aliugua, naye akaacha shule akaja kuchunga mbuzi wa jamaa.

Mwaka 1945 aliteremka pwani, akajifunza useremala Takaungu kwa fundi Mahdi, baba yake Zein tunayemwona pale mbele. Mwaka 1952 akafungua karakana yake hapa Kibarani. Milango alitengeneza, vitanda alitengeneza, lakini kilichomtangaza ni mabao. Bao la mti wa mbambakofi lililotoka mkononi mwa Dena lilikuwa na mashimo laini hata kete zikiteleza humo huzisikii. Watu walitoka Malindi kuja kuyaagiza.

Tarehe 18 Desemba 1954 alifunga ndoa na Zipporah, binti wa Mzee Nzai, katika kanisa la Jilore. Mwaka ule wa kwanza bibi harusi alipika mchana, akangoja, chakula kikapoa, mume yuko kwenye bao. Siku ya nne ya kungoja hivyo Zipporah alijitwika sufuria, akaenda nayo mpaka barazani, akaibwaga katikati ya mchezo. "Kama huyu ndiye mke mwenzangu," akasema, "basi naye ale." Dena alikula yote mbele za watu, akakombeleza na ukoko, akamshukuru. Tangu siku hiyo hakuchelewa tena chakula cha mchana, na Zipporah hakuupenda kamwe mchezo wa bao.

Mwaka 1976 Dena na Zein, ambaye ni fundi cherehani, walianzisha Chama cha Bao cha Kibarani. Miaka miwili baadaye chama kikaingia katika Umoja wa Wachezaji Bao, wenye ofisi yake Mombasa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Umoja ulianza vizuri. Ulifanya mashindano ya haki, na Dena akawa bingwa wa pwani nzima mwaka 1979 na tena mwaka 1981. Jina lake likaandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao wa mabingwa ukutani mwa ofisi. Alikwenda Mombasa mara mbili kwa shughuli nyingine, na mara zote mbili alipitia pale kulitazama.

Kisha ikaja 1984, mwaka wa mahindi ya manjano, kila nyumba inabahatisha chakula. Ndipo Umoja ulipoona wakati umefaa kuleta waraka. Kila tawi lilipe shilingi hamsini kwa mwaka kwa "kila bao linalochezewa", na bao lililolipiwa lipigiliwe kibati chenye nambari. Bao lisilo na kibati lichukuliwe. Lo! Hamsini ilikuwa unga wa wiki nzima. Na ada ya nini? Mbao Umoja haukupasua, kete haukuokota.

Wanachama walikutana karakanani. Wako waliotaka kulipa yaishe. Wako waliotaka kwenda Mombasa kutukanana. Dena alikuwa mwenyekiti. Alisoma waraka mara tatu, kama fundi anayepima kabla hajakata, kisha akamgeukia Zein, maana Zein Kiswahili ni cha kuzaliwa nacho.

"Zein, hebu nipe maana. Bao ni nini?"

"Bao ni ubao mkubwa," Zein akajibu. "Gogo lililochongwa."

"Na mashimo?"

"Mashimo ni mashimo, ndugu yangu. Hata panya anayo."

"Basi hapa hawakuandika mashimo," Dena akasema. "Yafungeni mabao yote kwenye magunia, yapandishwe darini. Kesho mje na majembe."

Huyo ni mtu aliyekula kwa kuchonga mabao! Mdogo wake alimvuta pembeni akamwambia, "Kaka, unajichimbia kaburi la biashara yako." Naye akajibu, "Nitachonga vitanda. Watu hawataacha kulala." Kesho yake walichimba ardhini mashimo thelathini na mawili, safu nne za manane, na ile nyumba, shimo kuu la kila upande, wakaichimba ya mraba kama sheria inavyotaka. Wakasiriba kwa udongo wa kichuguu, ukakauka ukawa mgumu kama sakafu. Wakachimba na seti ya pili, na ya tatu.

Jumapili moja mwezi wa Oktoba Umoja ulimtuma mkaguzi, kijana kwa jina Muhdhar, na mfuko wa vibati, misumari na nyundo. Alifika akiuliza.

"Mabao yako wapi?"

"Hata shikamoo hatupati?" Dena akasema, hajainua macho kwenye mchezo.

"Shikamoo mzee. Mabao yako wapi?"

"Marahaba. Yamelala."

"Na hilo mnalochezea?"

"Hii? Hii ni ardhi, mwanangu. Waraka wenu umesema bao. Wewe ukiona bao hapa, pigilia kibati, na hamsini nitakutolea mimi mfukoni mwangu."

Muhdhar alichutama. Alitoa kibati, akakiweka ukingoni mwa shimo, akashika msumari. Wallahi, mtu alitaka kupigilia msumari kwenye ardhi ya Kibarani! Zein akamwambia, "Piga taratibu, baba, usije ukamwamsha mjusi." Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Muhdhar naye, masikini, akacheka, akarudisha vitu mfukoni. Akaangushiwa madafu akanywa, akaaga kwa adabu.

Wakubwa zake hawakucheka. Januari 1985 walilifuta tawi la Kibarani, na jina la Dena likapakwa rangi nyeusi kwenye ubao wa mabingwa. Iliuma. Tusidanganyane hapa mbele ya jeneza lake, iliuma sana. Siku tatu hakushika randa. Lakini Takaungu walisikia wakachimba, Jilore wakachimba, Malindi wakachimba, na kufikia 1986 vibati vilikuwa vimejaa ofisini na hakuna wa kuvipokea. Kwa miaka mitatu hakuuza hata bao moja. Hakulalamika.

Kiharusi kilimpiga tarehe 6 Septemba 1988. Mkono wa kulia ukafa na ulimi ukafa, akili ikabaki nzima. Alilazwa hospitalini wiki tisa, na Zipporah hakubanduka kitandani pake. Tarehe 3 Novemba alikuja Muhdhar, safari hii na karatasi na kidau cha wino. Karatasi ilisema kwamba Kibarani imekubali kuwa ada ilikuwa halali tangu mwanzo. Dena akitia dole gumba, jina lake litaandikwa upya.

"Ni heshima yake, mama," Muhdhar akasema kwa upole. "Na dole la kushoto linatosha."

Zipporah alimtazama mumewe. Dena alikunja ngumi ya kushoto, akaificha chini ya shuka.

Basi Zipporah akasimama. "Mwanangu, mimi mchezo huo siupendi. Miaka thelathini na nne nimegombana nao. Lakini mume wangu alipokuwa na ulimi alisema hapana. Hamtangoja ulimi ufe ndipo mje mkiulize kidole."

Muhdhar alikunja karatasi. Alimpa mzee shikamoo, akaondoka nayo haina alama.

Mzee Dena alifariki Jumatatu tarehe 14 Novemba 1988, saa tatu asubuhi, mkono wake wa kushoto ukiwa mkononi mwa mkewe. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Ameacha mjane, Zipporah. Watoto wanne, Masha, Kadzo, Nzai na Jaha. Wajukuu kumi na mmoja. Mdogo wake Kahindi. Rafiki yake Zein. Na Chama cha Bao cha Kibarani, ambacho kitakutana kesho alasiri kama kawaida ya Jumapili. Umoja umeomba dakika kumi za kuzungumza kwenye mazishi haya. Jamaa wamejibu hivi: chakula karibuni, maneno hapana.

Apumzike Mzee Dena katika amani ya Mungu, ambayo haina ada. Na atakayekuja kuitoza atatukuta hapa hapa.