Wanunuzi Walipokuja Kiwandani

Kwenye basi la asubuhi la Nunguni kwenda Wote, mwanamume mbele yangu alimwambia mama aliyekaa kando yake kwamba kiwanda chao cha dawa ya kikohozi kinauzwa. Kampuni mama ya Nairobi imechoka na hasara.

“Wanunuzi walikuja jana,” alisema. “Meneja akatuambia tuonekane tuko bize. Nikafunga katoni moja mara nne.”

“Labda watakununua pamoja na mashine.”

“Mashine iko na waranti, mama. Mimi niko na mgongo mbaya. Na bibi yangu bado anadhani mimi ni supavaiza.”

“Si urudi shambani?”

“Huko hata kunde zilinikataa.”

Nilicheka, mimi ninayeenda Wote kutafuta kazi. Basi liliposimama kwenye geti la kiwanda, aliruka akakimbia, asije akachelewa.