Fundi Timazi, Aliyebomoa Sebule Yake Maji Yapite

Ndugu, majirani na mafundi mliokuja kumsindikiza kaka yangu, asanteni kwa kufika. Mimi ni mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yetu. Familia imenipa kazi ya kuyasoma maisha yake kwa sababu wengine wote wanalia kuliko mimi. Nimeambiwa niwe mfupi. Aliyemjua marehemu anajua kwamba hilo ni gumu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, mtoto wa pili kati ya watano. Baba yetu alikuwa seremala na mama alilima mboga. Nyumba yetu ilikuwa juu ya kilima, na bondeni kilipita kijito kiendacho mtoni, ambamo mama alichota maji ya bustani. Kaka ndiye aliyetufundisha kuogelea pale, au niseme ukweli, alitusukuma ndani akakaa kando kutazama. Kijito hicho mkikumbuke, tutakirudia.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1968. Mwaka 1970 aliingia chuo cha ufundi, akatoka baada ya miaka miwili na cheti cha uashi. Akiwa chuoni alinunua timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo mafundi hupimia ukuta kama umesimama wima. Haikumtoka mfukoni tena. Ukimkaribisha chakula, kabla ya kunawa mikono alikuwa ameshapima kuta zako. Ndipo watu wakampa jina la Fundi Timazi, na jina la baba likabaki kwenye vyeti.

Alifunga ndoa tarehe 22 Aprili 1978. Siku ya kwenda kujitambulisha ukweni, wazee walizungumza weee, yeye macho yako mlangoni. Wifi yangu alidhani bwana anatafuta pa kukimbilia. Kumbe fremu ya mlango ilikuwa imelala upande. Kesho yake alirudi na mwiko na saruji, akainyoosha bila kuombwa, na baba mkwe akasema, "Huyu mpeni binti, msije mkampoteza." Walijaliwa watoto watatu.

Kazi aliianza mwaka 1973, na sehemu kubwa ya mtaa huu imetoka mikononi mwake. Mwanzoni mwa miaka ya themanini ukame ulitupiga miaka mfululizo, kijito kikakauka. Watoto walichezea mpira ndani yake. Viwanja vikagawiwa bondeni, kaka akajenga. Nyumba yake aliijenga mwaka 1985, na sebule ikakaa pale pale palipokuwa maji. Chini kidogo alimjengea mwenye gereji ukuta wa mawe ambao aliringa nao kuliko kazi zake zote. Alikuwa akiwapeleka wanafunzi wake kuutazama. "Kijito kimekufa," alisema, na sote tukakubali.

Hakikuwa kimekufa. Mvua za utotoni mwetu zilikuja kwa miezi yake, zikanyesha kwa adabu. Hizi za sasa zinachelewa, tunakaa tunaliangalia jua, kisha zinamwagika kwa siku moja mvua ya mwezi mzima. Maji yakaanza kuingia ndani. Tukazoea kupandisha magodoro juu ya meza kila msimu. Tarehe 17 Aprili 2016 maji yalimchukua mama mshonaji wa nyumba ya nne, mwanamke aliyetushonea sare za shule za watoto wetu wote. Nyumba ile alikuwa ameijenga kaka. Alilibeba jeneza lake mpaka kaburini, akakataa kupokewa.

Baada ya msiba ule aliitisha majirani wa bondeni. Namnukuu kama nilivyomsikia: "Msiilaumu mvua peke yake. Maji yana njia yake, na mimi ndiye niliyewajengea njiani. Nisaidieni tuifungue." Watu wakaanza kutoa. Huyu alivunja choo akakijenga upande wa pili, yule akahamisha banda la kuku, mwingine akatoa jiko. Zamu ya kaka ilipofika, kilichokuwa njiani ni sebule. Wifi alimwambia, "Nimekusubiri miaka saba unijengee hii sebule, na makochi bado mapya." Alilia, kisha akashika upande mmoja wa kochi wakalitoa pamoja. Makochi yakaingia chumbani, na mpaka leo ukitaka kulala pale unapita juu yake.

Mfereji ukachimbwa, kingo zikapandwa mianzi na majani ya kushika udongo. Aliyebaki ni mwenye gereji. Yeye alisema, "Ukuta umeujenga mwenyewe, umeusifia mwenyewe, leo unaniambia niuvunje? Na magari ya watu nitayaweka wapi?" Hakuwa mtu mbaya, na ndugu yetu yupo hapa, ameniruhusu niyaseme haya. Lakini maji yalishuka vizuri toka juu, yakafika kwenye ukuta ule, yakarudi nyuma. Misimu yote iliyofuata nyumba ya kaka ililowa zaidi kuliko zamani, na sebule hana. Watu walimcheka. Wifi aliumia, akasema sebule yake imekwenda bure. Kaka hakugombana na mtu. Kila Jumapili alikwenda gereji kunywa chai. "Nimekuja kuuona ukuta wangu," alisema. "Ukuta wako?" mwenzake alijibu, "Lete basi na kodi yangu." Wakacheka, chai ikanywewa, ukuta ukabaki.

Afya yake ilianza kuyumba mwaka 2021. Kifua kilibana, na madaktari wakasema ni vumbi la saruji la miaka mingi. Alilazwa mara tatu. Tunawashukuru wauguzi, ambao aliwasumbua kwa kuwaambia dirisha la wodi limepinda. Mwenye gereji alikuja kumwona, akakaa, wakazungumza habari za mpira tu. Alipoondoka, kaka alinishika mkono akaniuliza, "Mvua zimeanza?" Nikamwambia bado. Akasema, "Hizo ndizo zinazonitesa, si kifua." Alifariki Jumanne tarehe 12 Novemba 2024, asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Jumatano waombolezaji walijaa, na kwa kuwa nyumba haina sebule, viti vilipangwa mferejini, pale pale ilipokuwa. Mwenye gereji alikuja, akapewa kiti. Aliutazama ukuta wake mpaka chai ikampoa mkononi. Kisha akamsogelea wifi akasema, "Shemeji, miaka yote nimeuona ukuta ule nikiwa kwangu. Sikuwahi kuutazama nikiwa nimekaa hapa kwenu." Akaenda. Punde tukasikia nyundo.

Mafundi aliowafunza kaka waliacha viti wakaenda kusaidia. Wamevunja Alhamisi kutwa, na jana kutwa. Mmoja alirudi kunywa maji, jasho linamtiririka, akasema, "Huyu mzee alijenga, jamani. Hata akiwa amelala anatutoa jasho." Wifi alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Jana jioni jiwe la mwisho liliondoka, na kutoka mlangoni kwa kaka sasa unaona mpaka mtoni. Kaka hakuliona hilo, na hapo ndipo roho yangu inaponiuma.

Marehemu ameacha mjane, binti muuguzi, mtoto wa kiume dereva wa lori na mwingine fundi umeme, wajukuu sita, ndugu wawili, mafundi wengi na seti moja ya makochi. Timazi yake amepewa mjukuu mkubwa, ambaye tayari ameanza kutusumbua.

Mawingu yale juu ya kilima mnayaona. Wifi ametuomba jambo moja: "Mvua ikinyesha leo, asinivute mtu niingie ndani. Nitasimama sebuleni kwangu niyaone maji yanavyopita." Nasi tutasimama naye.

Pumzika kwa amani, kaka. Njia iko wazi.