Mama Bakuli na Kipimo cha Wodi Namba Nne

Baada ya miaka thelathini na sita, miezi miwili na siku tisa ya utumishi, Mkuu wa Jiko la hospitali yetu anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe thelathini Juni, saa kumi jioni. Hizo siku tisa amezihesabu mwenyewe na ameomba zisiachwe, kwa kuwa alizifanyia kazi kabla barua yake ya ajira haijafika.

Alianza akiwa na miaka ishirini na mitatu, kuosha vyombo. Sinki lake lilikuwa chini ya dirisha dogo ambapo trei hurudishwa kutoka wodini, na hapo ndipo alipopata jina. Hakuosha bakuli kabla ya kulikagua: nani ameacha karoti, nani amegusa viazi juujuu, nyama ya wodi gani imerudi nzima. Akiona chakula hakijaguswa, anajifuta mikono na kupanda ngazi kwenda kuuliza kulikoni. Wauguzi wakamwita Mama Bakuli, na wakati huo hakuwa na mtoto hata mmoja.

Kutoka kwenye sinki alipanda hadi msaidizi wa mpishi, mpishi, kisha Mkuu wa Jiko, cheo alichokishika kwa miaka kumi na tisa. Njiani alijipatia stashahada ya upishi, na baadaye shahada ya kwanza ya sayansi ya chakula kwa masomo ya jioni. Ni mkali bila kelele. Mpishi aliyechelewa kazini alitazamwa tu, na mtazamo huo ulimtosha mwezi mzima. Utani anaupenda, ila hucheka kwa macho tu, sisi wengine tukishikilia mbavu.

Alipofikisha miaka hamsini na sita, umri ambao wengi wetu huanza kuulizia fomu za kiinua mgongo, alijiandikisha shahada ya uzamili ya lishe kwa njia ya mtandao. Sababu aliieleza waziwazi. Hospitali ilikuwa imempokea afisa lishe kijana, binti mwenye elimu yake na adabu zake, na katika vikao Mama Bakuli alikuwa anaelewa nusu ya anayoyasema. Hakupenda kuelewa nusu. Kitinda mimba wake, naye akiwa chuoni wakati huo, alimfundisha kutuma kazi na kuwasha kamera. Matokeo ya takwimu, somo walilolisoma wote wawili muhula huo, yalipotoka, mama alikuwa amemzidi kitinda mimba wake kwa alama kumi na moja. Tumesimuliwa kisa hicho mara nyingi kuliko inavyostahili.

Mtandao wa uhakika ulipatikana stoo peke yake, kwa hiyo darasa la uzamili likahamia kati ya magunia ya unga na rafu za mafuta ya kupikia. Mtihani wa kwanza ulisimamiwa kwa kamera, na masharti yalikuwa kwamba asionekane mtu mwingine chumbani. Katikati ya swali la tatu, karani wa stoo, ambaye ndiye mwandishi wa mistari hii, aliingia kinyumenyume na trei mbili za mayai, akasimama nyuma ya mtahiniwa na kumuuliza aziweke wapi. Chuo kilisimamisha mtihani. Ilibidi Mama Bakuli aandike barua ya kurasa mbili kueleza kuwa mtu yule hakuwa akimnong'oneza majibu, kwa sababu hana jibu lolote la kemia ya mwili, na kwamba mkuu wake wa kazi yuko tayari kuthibitisha. Chuo kilikubali. Karani bado anajiuliza kama ile ilikuwa barua ya utetezi au ya kumchongea.

Mwaka wa pili ulikuwa wa utafiti. Kila mwanafunzi alitakiwa kupima mlo mmoja mahali pake pa kazi, chini ya usimamizi wa mtaalamu aliyesajiliwa. Mtaalamu wetu ni mmoja tu, yule binti afisa lishe, hivyo Mkuu wa Jiko akawa mwanafunzi wa mtu aliye mdogo kwake kwa miaka thelathini. Alichagua wodi namba nne, ya wagonjwa wa kiharusi, ambao wengi hawawezi kumeza chakula kigumu na hupewa chakula kilichosagwa. Alichagua kwa makusudi, na hakuficha kwamba alitaka kujivunia. Miaka kumi na minne kabla ya hapo, wauguzi walilalamika kuwa chakula hicho ni kizito, kinawakaba wagonjwa na kinarudi kama kilivyokwenda. Yeye ndiye aliyeandika maelekezo mapya: kiongezwe maji wakati wa kusagwa, mpaka kimiminike kutoka kwenye kijiko. Tangu siku ile mabakuli ya wodi namba nne yalirudi matupu. Kwa hilo alipewa tuzo ya mfanyakazi bora.

Alipima mabakuli sitini na mawili. Kila moja lilikuwa na chini ya nusu ya nguvu anayoihitaji mgonjwa katika mlo mmoja. Kilichobaki kilikuwa maji. Aliilaumu mizani, akaazima nyingine maabara, akapima wiki nzima upya. Jibu likawa lilelile. Afisa lishe alifungua mafaili, na ikaonekana kuwa waliolazwa zaidi ya wiki tatu walipungua kilo nne kwa wastani. Sote tulikuwa tumezoea kuamini ni ugonjwa. Wagonjwa walikula kila walichopewa, bakuli likarudi tupu, na hakuna aliyeuliza mle ndani mlikuwa na nini. Karani wa stoo aliona kwa miaka yote hiyo jinsi wodi ile inavyotumia nyama kidogo, akalisifu jiko kwa kutofuja. Leo anaona aibu, na anaisema hapa kwa sababu ni yake.

Ilikuwa imebaki miezi minane astaafu. Katibu wa hospitali, kwa nia njema kabisa, alimshauri aandike juu ya mpango wa kupunguza chumvi, ambao ulifanikiwa na hauna maneno. Tasnifu ya lishe kazini ingemfungulia milango ya ualimu na ushauri baada ya kustaafu, na hakuna mwajiri anayetafuta mtu aliyejishtaki mwenyewe kwa maandishi. Mama Bakuli alisema amesikia. Akachukua likizo ya siku tatu, kitu ambacho hatukuwahi kumwona akifanya bila msiba.

Siku ya nne alifika kabla ya wapishi. Alibandua maelekezo ya zamani ukutani na kubandika mengine: chakula cha wodi namba nne kilainishwe kwa maziwa, mchuzi wa nyama, mafuta na yai, bakuli liwe dogo, na milo iwe mitano badala ya mitatu. Kisha akaandika tasnifu juu ya wodi hiyohiyo. Siku ya kuitetea, mtahini mmoja kwenye skrini aliuliza ni nani aliyetoa yale maelekezo ya kwanza. Akajibu kuwa ni yeye, na kwamba saini iko kwenye kiambatisho cha pili. Alifaulu kwa daraja la B. Alama alizokatwa zilitokana na mpangilio wa marejeo, jambo ambalo bado linamkera.

Milango ya ualimu haijafunguka mpaka sasa. Kliniki moja ya kupunguza unene ilimwita kwenye usaili, ikasoma tasnifu, haikumpigia tena.

Kamati ya kuaga ilipompa mwandishi kazi hii, ilimwelekeza aishie kwenye ile tuzo. Alitii, shingo upande. Ni desturi yetu mstaafu asome rasimu ili asahihishe tarehe, na Mama Bakuli alisahihisha mbili. Akafuta neno "shupavu". Kisha akauliza vile vipimo vya wodi namba nne viko wapi, na kabla hajajibiwa akachukua kalamu na kuandika pembeni sentensi ambazo kamati imekubali zichapwe kama zilivyo:

"Kwa miaka kumi na minne niliwapa wagonjwa maji nikidhani ni chakula, na mkanishukuru. Wengine walikufa wakiwa wembamba na familia zao zikanipa mkono wa asante. Liandikeni hilo pamoja na mema yangu, maana mkinisifu bila hilo, anayenifuata atapika nilivyopika mimi."

Mama Bakuli, tumeliandika. Ahsante kwa kazi yako yote, pamoja na ile iliyokuumiza. Tunakuombea afya, usingizi mtulivu na miaka mingi ya kukaa mezani ukihudumiwa na wengine. Wiki hii wodi namba nne ina wagonjwa kumi na wanane. Walipimwa uzito jana asubuhi, na hakuna aliyepungua.