Inspekta Asiyepiga Watu

Siku ya tisa ya watu wetu kukaa barabarani mbele ya ghala la chumvi la serikali, hakuna aliyekuwa amepigwa hata kofi, na benchi langu ndilo lilikuwa limechoka. Mimi ni Bhikha, muuza chai wa Kharapor, pwani ya Gujarati, na Mei ile ya 1930 jua lilichoma mpaka mbwa wakagombea kivuli cha birika. Sukari nyeupe ya Mwingereza tuliisusia, kwa hiyo chai ilikuwa ya sukari guru, na wateja walikuwa walewale. Wakili, jina lake Dahyabhai, mzee wa miwani, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, kupeleka mafaili ya watu. Jenerali, aliyechunga nyumbu wa jeshi kule Mesopotamia. Na Pamba, aliyesokota uzi kutwa nzima ili asivae kitambaa cha wageni. Wote watatu walikuwa na sababu ya kutokwenda barabarani: Wakili mgongo, Jenerali goti, Pamba kizunguzungu. Wa kuumwa koo hakuwepo.

Wakili: Leo je? Kuna aliyepasuliwa kichwa?

Mimi: Inspekta Dastur kawaletea mtindi.

Wakili: Mtindi tena!

Mimi: Na turubai la kivuli. Kalifunga kwa mkono wake.

Wakili: Huyu mtu anatumaliza, jamani! Mwezi mzima mke wangu Reva kawafundisha watu kuanguka wakipigwa, bila kuinua mkono. Yuko mstari wa mbele siku ya tisa leo. Ataanguka lini?

Jenerali: Na yule mwandishi wa gazeti?

Mimi: Kaondoka jana. Kapiga picha ya mbuzi.

Pamba: Mnanitia kichefuchefu. Watu hawakwenda pale kupigwa. Wamekwenda kwa sababu chumvi inatoka bahari yetu, halafu tunatozwa ushuru. Asipopiga si ndiyo vizuri?

Wakili: Ushuru umeondoka?

Pamba: Haujaondoka.

Wakili: Haya. Silaha yetu ni aibu yake. Akikupiga nawe umetulia, dunia inamwona alivyo. Asipokupiga, wewe ni mtu tu umekaa njiani, unazuia punda.

Pamba: Kwa hiyo bila rungu lake sisi si kitu? Basi rungu ndilo kiongozi wetu.

Wakili: Sijasema hivyo.

Pamba: Umesema hivyohivyo, kwa miwani yako!

Hapo Pamba alikuwa amembana, na mimi nilitaka kweli kusikia jibu, maana swali hilo lilikuwa linanisumbua nikichochea moto. Kwa bahati mbaya aliyejibu alikuwa Jenerali.

Jenerali: Mtindi ndio vita yenyewe. Mesopotamia nyumbu mbishi hatukumpiga. Tulimpa shayiri mpaka akasahau alikuwa anagomea nini. Tuukatae mtindi.

Pamba: Kwa joto hili? Kaukatae wewe kwanza.

Jenerali: Basi amwagiwe nao usoni, apandishe hasira.

Pamba: Hizo si fujo?

Jenerali: Mtindi ni laini, bwana wee! Au tuwachukue wacheza mieleka wa kijiji cha pili, tuwavalishe sare za polisi, watupige wao.

Pamba: Watupige nani, wewe mwenye goti?

Niligonga sufuria kwa kijiko. Nilikuwa nimechoshwa nao, nasema kweli. Siku tisa wanapanga maumivu ya watu wengine, na chai wanakunywa wao.

Wakili alisogea karibu, akashusha sauti.

Wakili: Ninyi pigeni domo. Mimi nilishafanya kazi. Wiki iliyopita niliandika barua kwa mkuu wa wilaya, bila jina. Nimelalamika kama raia mwaminifu wa Mfalme, kwamba Inspekta Dastur anadekeza wahalifu na serikali inachekwa mpaka sokoni.

Pamba: Umemshitaki mtu kwa kuwa mwema?

Wakili: Nimeisaidia serikali ionyeshe sura yake.

Pamba aliacha kusokota. Hapohapo akaja Ramsang, askari polisi, mtoto wa hapahapa kijijini, na sare yake imelowa jasho. Alikaa mwisho wa benchi, akavua kilemba.

Ramsang: Inspekta kahamishwa leo mchana. Kuna mtu kaandika barua.

Hatukumtazama Wakili hata mmoja wetu.

Ramsang: Kaja Mwingereza mpya. Turubai lishang'olewa. Kesho asubuhi tunapiga, na tunaanza na mstari wa mbele.

Jenerali: Hatimaye...

Mimi: Nyamaza wewe!

Ramsang aliweka mkono wa kulia juu ya benchi. Kifundoni palikuwa na uzi mwekundu uliochakaa. Kwetu, sikukuu ya kaka na dada, dada humfunga kaka yake uzi mkono wa kulia, na kaka humuahidi ulinzi. Ramsang hana dada wa tumbo moja. Uzi ule alifungwa na Reva, miaka saba sasa, na tangu hapo Ramsang humwita Wakili shemeji.

Ramsang: Shemeji, wewe umesoma. Mimi mkono wa kushoto hata kijiko siwezi kushika. Kesho dada nimpige kwa mkono upi?

Jenerali alilikazia macho goti lake. Pamba aliushika uzi wake asijue aufanye nini. Kwa mara ya kwanza katika siku tisa nilisikia maji yakichemka.

Wakili alivua miwani, akanipa.

Wakili: Nitunzie, Bhikha. Kesho isije ikavunjika.

Pamba: Na mgongo?

Wakili aliinuka. Aliondoka akipapasa ukuta, maana bila miwani hakuwa anauona hata mlango wa nyumba yake. Ramsang alibaki na mkono uleule juu ya benchi, bado anasubiri. Nikamwambia anywe chai, inapoa.